Mwamuzi Huona kwa Miguu: Maneno kwa Waamuzi Wapya wa Besiboli

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi hapa Dar es Salaam, mbele ya walimu wa michezo na vijana waliokuja kujifunza uamuzi wa besiboli. Wengi walitaka kuja wakakwama kazini, na wengine wako mikoani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimeacha tu picha nilizokuwa nikionyesha ukutani.

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi wadogo zangu mlionipa shikamoo pale getini, marahaba, na marahaba tena.

Naanza na swali. Umesimama katikati ya barabara ya vumbi. Kwa mbali unaona bodaboda mbili zinakuja moja kwa moja usawa wako, zinashindana. Ipi imetangulia? Niambieni. Ipi imetangulia?

Naona mnatazamana. Hakuna anayejua, na hakuna anayeweza kujua, hata mwenye macho makali kuliko wote humu ndani. Sasa ondoka katikati ya barabara, kwanza usalama wako, halafu kasimame pembeni, pale zitakapopita mbele ya kifua chako. Ipi imetangulia? Hata mtoto wa chekechea atakujibu.

Macho ni yaleyale. Bodaboda ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali ulipoweka miguu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, haambiwi tazama. Lakini kwenye besiboli mwenye macho lazima aambiwe asimame wapi. Nimeamua michezo ya shule kwa miaka kadhaa sasa, nimekosea mara nyingi, na nilipokaa chini kuyachambua makosa yangu niligundua kwamba machache sana yalitoka machoni. Karibu yote yalitoka miguuni. Nilisimama pabaya, au nilisimama pazuri nikiwa nimechelewa, au sikusimama kabisa. Ndiyo maana leo sitawasomea kitabu cha sheria. Sheria mtazisoma nyumbani. Leo nataka tuzungumze miguu.

Mchezo huu bado ni mchanga kwetu. Pale Shule ya Sekondari Azania ulianza kufundishwa mwaka 2012 kwa msaada wa Wajapani, na mashindano yetu ya shule tukayaita Koshien ya Tanzania, kwa jina la uwanja wa Koshien kule Nishinomiya, uliofunguliwa mwaka 1924, ambako wanafunzi wa sekondari wa Japani hushindana kila kiangazi. Jirani zetu Uganda wamefika mbali zaidi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto, yale ya Little League. Watoto wetu wanacheza vizuri, na wanazidi kuwa wazuri. Je, sisi tunaowaamulia tunakua kwa kasi yao? Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Twende besi ya kwanza, kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukimbilia akishapiga mpira. Hapo ndipo mwamuzi mpya hupangwa mara nyingi, kwa sababu watu hudhani ni rahisi.

Mchezo wangu wa tatu au wa nne, nilikuwa mwamuzi wa besi. Msichana wa kidato cha pili alipiga mpira wa chini kuelekea kwa shotistopu, mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Mbio alizokuwa nazo yule binti, sijui nizifananishe na nini. Mimi nami nikakimbia, nikiutafuta ukaribu, maana niliamini kwamba mwamuzi mzuri ni yule aliye karibu. Mpira ulipofika kwenye glavu nilikuwa bado nakimbia. Nikanyanyua ngumi: auti, yaani mpira umeutangulia mguu wake, ametolewa! Yule binti hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akashuka taratibu kurudi kwa wenzake, na begani mwake niliona kabisa kwamba amekubali kitu ambacho si haki. Mwalimu wake aliniambia baada ya mchezo, kwa adabu sana: "Mwalimu, mguu ulitangulia."

Nilikuwa mita 2 kutoka kwenye besi. Mita 2! Nani alikuwa karibu kuliko mimi? Na bado sikuona.

Kwa nini? Jaribuni kupiga picha mkiwa juu ya bodaboda inayokwenda kwenye barabara ya mashimo. Picha inatokaje? Inatoka ukungu. Macho ya mtu anayekimbia ni hivyohivyo. Kila unyayo unapogonga ardhi, kichwa kinaruka, na dunia yote inaruka pamoja nacho. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo, niliamua nikiwa mwendoni. Na la pili: nilikuwa karibu mno, kwa hiyo ilinibidi nichague kati ya kutazama mguu chini na kutazama glavu juu. Vyote viwili havikuingia machoni kwa wakati mmoja.

Sasa sikilizeni jinsi ya kufanya. Hakuna mtu kwenye besi, wewe unaanzia nje ya mstari wa pembeni, mita 3 hadi 4 nyuma ya mlinzi wa besi ya kwanza, miguu yote miwili nje ya mstari. Mpira wa chini unapigwa kwa walinzi wa ndani, wewe unaingia ndani ya uwanja, na unachotafuta ni pembe. Chora mstari kichwani, kutoka kwa anayerusha hadi kwenye besi. Wewe simama ili mstari wa kutoka kwako hadi kwenye besi uukate ule wa kwanza kwa nyuzi 90, au karibu na hapo. Umbali uwe mita 5 hivi. Ndiyo, mita 5. Usisogee zaidi ya hapo.

Halafu simama. Simama kabla mpira haujaondoka mkononi mwa mrushaji. Hata kama hujafika pale ulipotaka kufika, simama. Ni heri usimame mahali pasipotimia kuliko kukimbilia mahali pazuri ukiwa unatikisika. Mikono magotini au kiunoni, kichwa kimetulia. Utazame mpira ukitoka mkononi, uone kama unakwenda sawa, kisha hamisha macho yote kwenye besi. Tazama mguu. Mpira usiutazame tena; mpira usikilize. Mguu unaona, glavu unasikia. Ukisikia "pwa!" kabla ya mguu, auti. Ukiona mguu kabla ya "pwa!", sefu, yaani amefika salama.

Mmoja wenu ameninong'oneza wakati wa chai: "Mwalimu, na kelele je?" Swali zuri sana, na jibu lake lina historia.

Tarehe 26 Oktoba 1985, Kansas City, Marekani. Fainali ya ligi kuu yao, mchezo wa sita. St. Louis Cardinals wanaongoza michezo mitatu kwa miwili, na usiku huo wanaongoza 1 kwa 0, imebaki nusu ya mwisho ya kipindi cha tisa. Wakipata auti tatu wao ndio mabingwa. Mpigaji wa kwanza wa Kansas City Royals, Jorge Orta, anapiga mpira wa chini upande wa besi ya kwanza. Mlinzi wa hapo, Jack Clark, anaudaka na kumpa pitcha wake (yule anayewarushia wapigaji mpira), Todd Worrell, aliyekimbia kuja kuikanyaga besi. Mwamuzi ni Don Denkinger, mtu mzoefu, mtu mwenye heshima yake. Anatandaza mikono: sefu.

Picha za televisheni zilionyesha kwamba alikuwa auti. Royals wakapata pointi mbili, wakashinda 2 kwa 1, na kesho yake wakachukua ubingwa kwa 11 kwa 0. Denkinger alieleza baadaye kwamba alikuwa akitazama besi na kusubiri sauti ya mpira kwenye glavu, na kwa kishindo cha uwanja ule hakuisikia.

Umeona? Masikio yalimwangusha. Mimi kisa hiki nakichukua hivi: uwanja ukiwa na kelele, ngoma zinapigwa, wanafunzi wanaimba, usiyategemee masikio. Rudi nyuma hatua moja, hata mbili. Ukirudi nyuma, mguu na glavu vyote vinaingia ndani ya macho yako bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Watu watakuona uko mbali, waache.

Na kuna jambo jingine ambalo ningependa mlishike. Pitcha anapokuja kuikanyaga besi ya kwanza, washeni taa nyekundu kichwani. Mpira unatoka karibu sana, anayeupokea anakimbia, besi anaitafuta kwa mguu bila kuitazama, na mkimbiaji anakuja pembeni yake. Pembe uliyoizoea imekufa. Hapo usikimbilie ndani ya uwanja. Baki upande wa nje wa mstari, tulia, fungua macho. Nitawapa kisa kingine cha aina hiyohiyo kabla sijamaliza, na mtaona kwa nini nasisitiza.

Sasa twende nyuma ya kecha, yule mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kwenye besi ya nyumbani. Hapa ndipo roho hudunda. Mpira mgumu unakuja, kuna mtu anazungusha gongo mbele yako, na kila kitu kinaisha kwa chini ya sekunde moja. Nani kati yenu hajafumba macho mara ya kwanza? Mimi nilifumba. Nilijificha nyuma ya kecha kama mtu anayejificha jua nyuma ya nguzo, na kila mpira wa upande wa mbali wa besi nilikuwa nakisia. Leo straiki, yaani mpira uliopita ndani ya eneo la kupigwa, kesho boli, yaani uliopita nje yake, na mahali ni palepale. Mrushaji, kijana mdogo tu, alikuwa akitikisa kichwa bila kelele. Alikuwa haelewi arushe wapi. Mwamuzi asiye na msimamo mmoja humchosha mrushaji kuliko jua la saa saba.

Aliyenifungua macho ni baba yangu mdogo, ambaye ni fundi mwashi na hajawahi kuishika glavu maisha yake yote. Nilikwenda kumtazama akijenga uzio huko Mbagala. Alikuwa anataka kujua kama ukuta umenyooka. Je, alisimama mbele ya ukuta? Hapana. Alikwenda mwisho wake, akainama, akaliweka jicho kwenye uzi, akautazama uzi kwa urefu wake. Tofali lililotoka kidogo tu, upana wa ukucha, aliliona. Nikasema moyoni: basi hii ndiyo kazi yangu.

Besi ya nyumbani ina upana wa sentimita 43. Mpira unaogusa hata ukingo wake, ukiwa kati ya shimo la chini ya goti na usawa ulio katikati ya mabega na mkanda wa suruali, ni straiki. Ili uone ukingo, jicho liwe kwenye uzi. Kwa hiyo usisimame nyuma ya kichwa cha kecha. Simama kwenye uwazi ulio kati ya kecha na mpigaji. Mpigaji wa mkono wa kulia anasimama kushoto kwako, basi wewe uko kwenye bega la kushoto la kecha. Mpigaji wa mkono wa kushoto, uko kwenye bega lake la kulia. Hapo ukingo wa ndani wa besi uko chini ya pua yako, na ule wa mbali unauona wote, kwa sababu hakuna kichwa cha mtu kati yako na wenyewe.

Miguu: tanua kuzidi mabega. Mguu ulio upande wa mpigaji uwe sambamba na kisigino cha kecha, wa pili urudi nyuma kidogo, vidole vyake vilingane na kisigino cha mwenzake. Keti hewani kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda kisha akaghairi. Mgongo umenyooka, usiukunje. Kidevu chako kiwe usawa wa juu ya kichwa cha kecha. Ukishuka chini ya hapo, mipira ya magotini yote itakudanganya: utaiona juu kuliko ilivyo, na mingine hutaiona kabisa. Mikono iweke mahali salama, mmoja tumboni, mwingine kwenye paja lako. Usiuache unaning'inia mbele. Mpira uliokwaruzwa na gongo hauna huruma na vidole.

Kisha, kichwa kisimame. Kisimame! Mpira ukitoka mkononi mwa pitcha, macho yausindikize mpaka ndani ya glavu, lakini kichwa kibaki kimefungwa palepale. Waamuzi wapya wengi hushuka na mpira, wanainamisha kichwa mpira unapokaribia, na mstari wote wa straiki unashuka nao. Wewe mwenyewe hutajua. Utashangaa tu kwa nini leo kila mtu analalamika.

Na kecha akihamia upande wa mpigaji akakuzibia uwazi wako? Usihame kwenda upande wa pili. Panda. Inua kichwa, tazama juu yake. Ukihamia nje umeuacha uzi, na fundi aliyeacha uzi anajenga kwa kubahatisha.

Kuhusu woga, sina dawa ya siku moja. Kinga ya uso, kinga ya kifua na kinga za miundi zipo kwa ajili hiyo. Ziamini. Uso utazame mbele moja kwa moja, kwa sababu kinga imetengenezwa kupokea mpira mbele. Ukigeuza kichwa kwa woga ndipo unapoutoa upande usio na kinga. Bill Klem, aliyekuwa mwamuzi wa ligi kuu ya Marekani kuanzia 1905 hadi 1941, alivaa kinga ya kifua ndani ya koti, wakati wengine wakishika mbele yao kinga kubwa kama ngao. Kinga ya ndani ilimruhusu kusogea kwenye ule uwazi na kuona vizuri zaidi. Zaidi ya miaka 80 tangu aondoke uwanjani, bado tunasimama alipokuwa anasimama yeye.

Nimewachosha? Bado kidogo.

Jambo ambalo ningeomba mlilale nalo usiku wa leo ni muda. Mwamuzi mpya hudhani akichelewa kusema, watu watamwona hajui. Kwa hiyo anasema haraka, na anasema kwa sauti kubwa ili afiche wasiwasi. Nilimwona kijana wetu mmoja, mwenye uwezo mkubwa sana, akiamua besi ya pili. Mkimbiaji anateleza, mlinzi anamgusa kwa glavu, vumbi limetanda. Kijana akanyanyua ngumi, akanguruma: auti! Vumbi likatulia. Mpira ulikuwa unabingirika kwenye nyasi, mbali na glavu. Uwanja mzima uliuona isipokuwa yeye.

Sasa afanye nini? Akibadilisha, upande mmoja unapiga kelele. Asipobadilisha, upande mwingine unapiga kelele, na hao wako sahihi. Alibadilisha, akafanya vyema. Lakini angengoja nukta moja tu, asingelazimika.

Kwenye mguso, tofauti na besi ya kwanza, sogea karibu, mita 3 hivi, na tafuta mahali unapoona nafasi iliyo kati ya glavu na mwili wa mkimbiaji. Ukisimama nyuma ya mgongo wa mlinzi utaona mgongo tu. Tazama mguso, halafu utafute mpira kwa macho. Uko wapi? Mkononi? Umeshikwa? Ndipo useme. Ona, thibitisha, sema. Nyuma ya kecha ni hivyohivyo: mpira umeingia kwenye glavu, uache uingie na akilini mwako, ndipo utamke. Sauti iliyochelewa nusu sekunde ina uzito. Ile iliyowahi ni kelele.

Kuhusu kuamua wawili wawili, nitapita haraka, maana tutalifanyia mazoezi mchana. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza, mwamuzi wa besi aingie ndani, kati ya kilima cha pitcha na besi ya pili, upande wa besi ya kwanza. Akiwepo mkimbiaji besi ya pili au ya tatu, ahamie upande wa besi ya tatu. Na mwamuzi wa nyumbani asiote mizizi. Mkimbiaji wa besi ya kwanza akipita ya pili kuelekea ya tatu, wewe wa nyumbani ndiye mwenye besi ya tatu, panda huko, na mwenzako akusikie: "Ya tatu yangu!" Siku moja mimi na mwenzangu tulinyamaziana, sote wawili tukamfuata mkimbiaji mmoja, na besi ya tatu ikabaki na watoto peke yao. Semeni. Kabla ya kila mpira mtazamane, mpeane ishara, na msione haya kutaja kwa sauti nani anakwenda wapi.

Niliwaahidi kisa kingine.

Tarehe 2 Juni 2010, Detroit. Pitcha wa Detroit Tigers, Armando Galarraga, kijana kutoka Venezuela, amewatoa wapigaji 26 mfululizo wa Cleveland. Hakuna aliyefika besi hata mmoja. Akimtoa wa 27, ametimiza mchezo kamili, jambo ambalo tangu mwaka 1880 lilikuwa limefanyika mara 20 tu kwenye ligi zao kuu. Wa 27, Jason Donald, anapiga mpira wa chini upande wa kulia. Miguel Cabrera anaudaka, anamrushia Galarraga aliyekuja kuikanyaga besi. Mnaona? Pitcha amekuja besi ya kwanza, kama mwaka 1985. Mpira umefika, mguu umekanyaga, mkimbiaji bado. Mwamuzi Jim Joyce, mwenye zaidi ya miaka 20 kwenye ligi kuu, anatandaza mikono: sefu.

Galarraga alitabasamu tu. Akarudi kwenye kilima, akamtoa aliyefuata, mchezo ukaisha. Wakati huo picha za marudio zilikuwa haziruhusiwi kubadilisha uamuzi wa aina hiyo. Hilo lilikuja mwaka 2014. Joyce akaenda kwenye chumba cha waamuzi, akaitazama picha, akaona. Akasema wazi mbele ya waandishi kwamba amekosea na amemnyima yule kijana mchezo kamili. Akamtafuta Galarraga, akamwomba radhi akilia. Kesho yake Joyce alipangwa nyuma ya kecha, na aliyemletea karatasi ya majina ya wachezaji pale besi ya nyumbani alikuwa Galarraga mwenyewe. Joyce alifuta machozi, akavaa kinga ya uso, akaamua mchezo.

Huwa nikikisimulia kisa hiki watu wanataka nizungumze juu ya msamaha wa Galarraga. Ni mkubwa kweli. Lakini nyinyi ni waamuzi, tazameni upande wa Joyce. Hakusema jua lilimpiga, wala hakumlaumu mpigaji, kelele au mwenzake. Alikwenda kutazama picha kwanza, akataka kujua ukweli kabla ya kusema lolote. Na kesho yake alirudi kazini.

Sisi hatuna kamera uwanjani. Tuna daftari. Naomba kila mmoja wenu awe nalo, la shilingi mia tano tu linatosha. Baada ya kila mchezo, kabla hujapanda daladala, andika maamuzi mawili yaliyokusumbua: nilisimama wapi, nilisimama lini, niliona nini. Usiandike kama ulikuwa sahihi au la. Andika miguu ilikuwa wapi. Mimi la kwanza limeshajaa, na ukurasa wa mwanzo kabisa una yule binti wa kidato cha pili. Nilimtafuta, nikamwomba radhi. Sasa amemaliza shule, na leo yuko humu ndani amekuja kujifunza kuamua. Hapana, sitakutaja, dada yangu, usiinamishe kichwa.

Kwa wasichana wote mlio hapa: tarehe 9 Agosti 2025 kule Atlanta, Jen Pawol alisimama besi ya kwanza, mwanamke wa kwanza kuamua mchezo wa msimu wa ligi kuu ya Marekani. Alianza ligi za chini mwaka 2016. Hesabuni miaka hiyo wenyewe, kisha msimwamini mtu atakayewaambia kazi hii ni ya wanaume.

Basi, inatosha maneno. Jua bado halijawa kali. Kwenye gunia pale mlangoni kuna kamba na vigingi vinane vya mbao. Wanne wenu wazifunge kamba kwenye kingo mbili za besi ya nyumbani hadi kule kwa pitcha, moja usawa wa goti na moja usawa wa kifua kila upande, tuone uzi wa fundi kwa macho. Mwalimu uliyekaa karibu na dirisha, wewe ndiye wa kwanza kuvaa kinga. Utasimama kwenye uwazi, utatazama mipira 50. Usiseme straiki, usiseme boli. Mwenzako atasimama pembeni akitazama kichwa chako tu, na kila kikitikisika atapiga kofi moja.